Sehemu ya 6: Kofia ya jino, supaglu na barakoa yangu

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu meno na ujauzito. Itakuja. Leo acha nianze na jino langu mwenyewe, maana nimechoka kulificha.

Jino langu moja la mbele, la juu, lina kofia. Lilivunjika nikiwa binti, kwa kumenya muwa kwa meno pale kwetu Kilosa. Baadaye mzizi ulitibiwa, jino likavishwa kofia: nje kauri nyeupe, ndani chuma chembamba. Miaka saba nimecheka nalo, na wengi wenu hamkujua.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda kumsalimia mama. Kutoka Mikumi unapita Ulaya (ndiyo, na sisi tunayo Ulaya yetu, na vumbi lake), unaingia Kilosa mwili wote umechoka. Mama kapika wali na maharage. Tonge la tatu, kach! Kijiwe. Kipande cheupe, kidogo kama ukucha uliokatwa, kikaanguka kwenye sahani. Kukimbilia kioo, naona chuma cha kijivu mbele ya mdomo wangu.

Sasa niwaambie alichofanya nesi wenu, yule anayewakataza kuweka mafuta kwenye kitovu cha mtoto. Nilinunua supaglu dukani, ile ile ya kubandikia soli za viatu, nikabandika. Fizi iliwaka moto na kutoka kidonda. Siku ya pili kipande kikadondoka kwenye uji. Nilishukuru kukiona, kwa sababu kingeachia usingizini kingeweza kwenda kwenye njia ya hewa.

Baada ya hapo nikavaa barakoa. Wiki tatu nzima, kliniki nzima ni mimi peke yangu. Wenzangu wakiuliza, nasema mafua.

Akaja mzazi mmoja, uzazi wa kwanza, binti mdogo tu. Ilikuwa mara ya pili ananikuta hivyo. Nampima mtoto uzito, naona machozi yanamlenga. Akaniuliza kwa sauti ya chini: “Sista, samahani. Mwanangu ana ugonjwa gani? Mbona wewe ukitushika lazima ujifunike?”

Jamani. Kumbe tangu siku ile ya kwanza hakuwa analala. Alishaamini mtoto ana kifua kikuu na sisi tunamficha. Nilivua barakoa pale pale, nikamwonyesha jino. Akacheka huku analia, na mimi hivyo hivyo. Aibu yangu ya jino moja ilimnyima usingizi mama wa watu. Wiki hiyo hiyo nikapanda basi kwenda Morogoro mjini kwa daktari wa meno, kipande nimekifunga kwenye karatasi.

Kitu cha kwanza alichosema: “Dada, umefanya vizuri kuja na kipande. Ila hii gundi, kwa kweli umenipa kazi.”

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mnazikumbuka zile sahani na bakuli za bati, nyeupe, zenye ukingo wa bluu? Mama bado analo moja. Ule weupe siyo rangi, ni aina ya kioo kilichoyeyushwa kwenye moto mkali kikashikana na chuma. Ukiliangusha, weupe unabanduka na weusi unaonekana. Kofia yangu ni ndugu wa bakuli la mama.

Maabara ya meno hufanya hivi. Chuma husafishwa, kisha huchomwa ili kiote utando mwembamba sana wa oksidi, na huo utando ndio unaoishika kauri. Ukiwa mnene mno, haushiki vizuri. Chuma kikiguswa na kidole chenye mafuta kabla ya kupakwa, pale hapashiki vizuri. Inapakwa kwanza kauri nzito ya kufunika ukijivu, halafu kauri ya rangi ya jino, na kila tabaka linachomwa. Kwa kauri nyingi za aina hii joto hufika nyuzi 900 na zaidi.

Kazi haijaisha, kwa sababu vikipoa, vyote viwili hunywea. Chuma kinatakiwa kinywee zaidi kidogo tu, ili kauri ibaki imebanwa, kama mtoto aliyefungwa mbeleko vizuri. Visipoendana, kauri inabaki inavutwa kwa ndani, na ufa unaweza kusubiri miaka. Kipimo cha kimataifa, ISO 9693, kinataka mshikano usiopungua megapaskali 25. Yaani eneo la sentimita moja ya mraba, kama ukucha wa kidole cha mwisho, libebe uzito wa mifuko mitano ya saruji ya kilo 50.

Nikamuuliza: sasa langu lilikosewa wapi? Akaliangalia kwa lenzi. “Kauri ikivunjika yenyewe, weupe fulani hubaki juu ya chuma. Hapa chuma kiko wazi kabisa. Kauri iliachia. Kwa nini, siwezi kukuambia kwa macho. Kijiwe kilimalizia tu.”

Alikwangua gundi yangu, akakwaruza chuma, akapaka dawa ya kushikisha na kujazia kwa dawa nyeupe ya kuziba meno. Akaniambia wazi kwamba hicho ni kiraka. Nimedunduliza, na mwezi uliopita nimevishwa kofia mpya.

Basi, haya ndiyo ya kuondoka nayo:

1. Kofia ikimeguka au ikitoka, tunza kipande, kiweke kwenye kitu safi, nenda nacho. Usibandike kwa gundi ya dukani. Inaunguza fizi na inaharibu sehemu ambayo daktari angeishikizia.

2. Kabla ya kuvishwa, uliza chuma chake ni cha aina gani. Nyingi zina nikeli. Kama hereni za bei rahisi zinakuwasha masikio, mwambie daktari mapema. Kuna za kobalti na kromiamu, zipo zenye dhahabu, na siku hizi za kauri tupu. Uliza na bei kabla hujaketi kwenye kiti.

3. Usifungue soda kwa meno. Usimenye muwa kwa meno, na najua Mikumi muwa wa Ruembe uko jirani. Mume akikwambia unasaga meno usiku, msikilize, mwambie daktari.

4. Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza. Piga mswaki hadi pale kofia inapokutana na fizi, asubuhi na usiku.

5. Mjamzito, jino likiuma usingoje hadi ujifungue. Nenda, na sema una mimba ya miezi mingapi.

Na yule binti? Alirudi na mtoto wake kwa chanjo, mtoto kanenepa mashavu. Nilimpokea bila barakoa. Akaniangalia mdomoni kabla ya kunisalimia, akasema, “Sista, limerudi!”

Kesho kutwa, meno na ujauzito, kwa kirefu. Chagueni mchele vizuri. Usiku mwema.