Zama Ambazo Mazabodi Zilikuwa Zikilia

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta Kariakoo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ya kwanza aliyofundishwa mwanafunzi ilikuwa kusikiliza. Bisibisi ilikuja baadaye. Karibu kila kompyuta ya mezani ilikuwa na spika ndogo nyeusi iliyounganishwa kwenye mazabodi, na spika hiyo ilisema kabla ya kioo kuwaka. Mlio mmoja mfupi: mashine imejikagua, iko salama. Mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi, ikiwa baiosi, yaani programu ya kuwashia mashine, ni ya Award: kadi ya picha ina matatizo. Milio minane kwenye baiosi ya AMI: kumbukumbu ya kadi ya picha imeharibika. Mlio mrefu unaojirudia bila kukoma ulimpeleka fundi moja kwa moja kwenye rami.

Ukaguzi huo ulikuwepo tangu IBM PC ya mwaka 1981. Prosesa ikipata umeme husoma programu iliyo ndani ya chipu ya baiosi, kisha hugusa rami, kadi ya picha, kibodi, kila kimoja kwa zamu yake. Hitilafu ikitokea kabla picha haijapatikana, hakuna pa kuandika ujumbe. Ndiyo maana ikabaki sauti, na mimi nilikuja kuiheshimu sauti ile kuliko chombo chochote kilichokuwa mezani kwetu.

Kazi ngumu ilikuwa ile ya ukimya. Mteja analeta mashine: unabonyeza kitufe, feni inazunguka, kioo cheusi, hakuna mlio. Mzee aliyenifundisha alikuwa na neno moja tu kwa hali hiyo: "Vua." Tulivua kila kitu. Diski, kadi, nyaya za mbele, hata mazabodi yenyewe tuliitoa ndani ya kasha tukailaza juu ya kipande cha boksi, maana skrubu moja iliyoangukia chini yake yatosha kupiga shoti. Tulibakiza prosesa, feni yake na spika. Rami tuliiweka kando. Ukiwasha hapo na mazabodi ikalia kulalamikia rami, umepata habari njema kabisa: prosesa inafanya kazi, baiosi inasomeka, umeme unafika. Kuanzia hapo unarudisha kifaa kimoja kimoja mpaka umkute mwenye kosa. Isipolia, unageukia umeme.

Na umeme ndio uliowachanganya wengi. Kompyuta za zamani zilikuwa na swichi iliyokata umeme wa ukutani kweli kweli. Mfumo wa ATX, ambao Intel iliuleta mwaka 1995, ulibadilisha mambo: kitufe cha mbele sasa ni ombi tu. Waya wa zambarau hubeba volti 5 muda wote plagi ikiwa ukutani. Ukibonyeza kitufe, mazabodi huushusha waya wa kijani hadi usawa wa weusi, ndipo pawa saplai inapoamka. Kila fundi alijua kuchomeka kipande cha waya kati ya kijani na cheusi ili kuijaribu. Lakini feni ikizunguka, wengi waliridhika, na hapo sikukubaliana nao kamwe. Feni huzunguka hata kwa umeme mbovu. Njia ya volti 12 haitakiwi kushuka chini ya 11.4 wala kupita 12.6, na waya wa kijivu lazima utoe ishara kwamba umeme umetulia. Isipokuja ishara hiyo, mazabodi haiiruhusu prosesa kuanza. Wateja wangapi waliuziwa mazabodi mpya wakati ubovu ulikuwa kwenye pawa saplai! Mita ya bei nafuu ingewaokolea fedha zao.

Mwaka 2006 ulitufundisha kwa nguvu. Ukame ulikausha bwawa la Mtera, mgao ukashika nchi, na umeme ulipokuwa ukirudi jioni ulirudi kwa kishindo. Nakumbuka mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua, shikamoo haijaisha kinywani mwangu, akasema: "Mwanangu, umeme umerudi, yenyewe imegoma."

Tulipofungua mashine za wakati ule tulikuta jambo jingine pia. Kapasita za kando ya prosesa zilikuwa zimevimba vichwa, nyingine zimetoa utomvu wa kahawia uliokauka. Huo ulikuwa ugonjwa wa dunia nzima. Kapasita nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilijazwa kimiminika kibovu kilichokula alumini na kuzaa gesi ndani. Mashine ilianza kwa kusitasita asubuhi, ikajizima na kujiwasha mchana, mwishowe ikakataa kabisa. Dawa yake tuliimudu: chuma cha kulehemu, kapasita mpya zenye mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua zile za mwanzo na zinazohimili nyuzi 105, upande wa hasi ukae palepale. Naamini hicho kilikuwa kipindi bora cha kazi yetu, kwa sababu ubovu ulionekana kwa macho na tiba yake iligharimu kidogo.

Kisha kapasita za kimiminika zikaanza kuondoka kwenye mazabodi, zikaja ngumu zisizovimba. Maendeleo ya kweli hayo, siyapingi. Ila spika nayo ikaondoka. Mazabodi nzuri zikawekewa taa nne ndogo, za prosesa, rami, picha na diski, au kioo cha tarakimu mbili. Za bei ya chini mara nyingi hazikupewa chochote. Hata kulehemu kukabadilika: kuanzia Julai 2006 Ulaya ilizuia bati la kulehemu lenye madini ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vikahamia kwenye bati lisilo na risasi, linaloyeyuka karibu na nyuzi 217 badala ya 183. Nazo chipu zilizolehemiwa kwa vitone vya chini hazikubali chuma cha mkononi. Zinataka mashine ya hewa ya moto na subira.

Laptopu ndizo zilizomaliza utaratibu wa kuvua. Katika nyingi za siku hizi, prosesa, rami, wakati mwingine na diski, vyote vimelehemiwa kwenye bodi moja. Ukikuta njia kuu ya volti 19 imepiga shoti, unaingiza volti moja kwa uangalifu, unapaka spirti, unatazama inakauka wapi kwanza. Penye joto ndipo penye kosa, na mara nyingi ni kikapasita kidogo kuliko punje ya mchele. Vijana wa sasa wanafanya hivyo kwa ustadi unaonifurahisha.

Wanachokosa ni michoro ya bodi. Watengenezaji wengi hawaitoi kwa mafundi wa nje, kwa hiyo kijana hupima bila kujua kipimo sahihi ni kipi. Karakana yetu imeanza daftari: kila bodi nzima inayopita mezani hupimwa ukinzani wa koili zake kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe, namba ya bodi huandikwa, vipimo hufuata. Daftari la kwanza limejaa, na mafundi wa vibanda vya jirani huja kulisoma.