Nilimchora Mama, Nikamfuta Aliyemliza

Picha yangu iliyosifiwa kuliko zote ina kosa, na kosa hilo nililitia kwa makusudi.

Inamwonyesha mama ameketi juu ya rundo la mabati, mtoto mapajani, siku ya bomoabomoa pembezoni mwa Dar es Salaam. Nilikuwepo. Nyuma yake katapila lilikuwa linanguruma, mgambo wamelizunguka, na pembeni bwana mmoja mwenye faili kwapani akionyesha kwa kidole nyumba inayofuata kati ya zile zilizopigwa X nyekundu. Mama aliniona na daftari langu, akaniambia, “Mwanangu, mchore na yule.”

Nilimchora, kwa penseli. Nilipofika kwenye turubai nikamfuta. Nikawafuta na mgambo, na katapila, kisha mahali pao nikapaka machweo. Machweo, na ilikuwa saa tatu asubuhi!

Niliogopa, sikatai. Lakini zaidi nilipiga hesabu ya soko: nani atatundika bwana wa faili ukutani kwake? Picha ikauzwa usiku wa ufunguzi wa maonyesho. Watu walisimama mbele yake, wakasikitika, wakaenda kunywa soda. Hakuna aliyeuliza nyumba ilivunjwa na nani. Mama yule anaonekana kama aliyepatwa na mvua.

Baadaye nilisoma habari za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliyemchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire katika miaka ya 1973 na 1974: picha zaidi ya 100, akizisimulia kwa Kiswahili cha Shaba. Yeye na wachoraji wenzake walikuwa na picha moja waliyoirudia sana, Colonie Belge: mfungwa kalazwa kifudifudi, askari mweusi kainua mjeledi, ofisa wa Kibelgiji kasimama anatazama. Anayechapa yumo, na aliyeamuru yumo. Wenyeji wa miji ya migodi waliinunua kwa fedha zao wakaitundika sebuleni.

Basi hata kisingizio cha soko hakisimami. Niliwachagua wanunuzi wangu mapema, nikawafutia wasichotaka kuulizwa, na fedha nikala peke yangu.

Mchoro wa penseli ninao bado. Uliyenunua turubai ile, ukisoma haya, nitafute. Nitaipaka upya bure, na bwana wa faili atarudi mahali pake.