Kompyuta ilipokaa kimya, mama akawa macho ya binti yake

Asubuhi ile mama huyu wa Mbamba Bay hakupanda basi la Mbinga na ndoo ya usipa kama kawaida yake. Alipanda na kompyuta mpakato, ameizungushia kanga mbili, akaipakata mapajani njia nzima, kona zote za kupanda milima ya Umatengo, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kumpeleka kliniki.

Kompyuta haikuwa imevunjika. Ilikuwa inawaka vizuri na kioo chake kinang'aa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, haitoi sauti. Kwa watu wengi hilo ni jambo dogo, utakosa muziki na video basi. Lakini binti yake mwenye umri wa miaka 17 haoni, na kwake kompyuta isiyo na sauti haina tofauti na ubao.

Binti huyu alianza kupoteza uwezo wa kuona akiwa darasa la sita. Alikuwa anajikwaa kwenye vitu vilivyo pembeni, anakanyaga vyombo, anamwaga maji. Nyumbani walidhani ni uzembe.

"Nilimgombeza sana," anasema mama. "Kumbe alikuwa haoni pembeni, na yeye mwenyewe hajui kwamba watu wengine wanaona."

Ilikuwa presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi bila maumivu, na huanza kula pembeni kabla ya kufika katikati. Wengi huudhani ni wa wazee tu, lakini watoto pia huupata. Uoni uliokwisha kupotea haurudi. Ukigundulika mapema, dawa za matone au upasuaji hulinda kilichobaki. Kwa binti huyu kilichobaki kilikuwa kidogo mno.

Aliporudi masomoni alikwenda shule ya bweni yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Huko alijifunza nukta nundu, kisha mwalimu wa kompyuta, ambaye naye haoni, akamfundisha kutumia NVDA. Hii ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo na kila herufi unayobonyeza. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, ambaye baadaye aliungana na James Teh, asiyeona pia. Wakati huo programu za aina hiyo ziliuzwa kwa bei kubwa. Yao hutolewa bure mpaka leo, na moja ya lugha inazoweza kusoma ni Kiswahili.

"Haoni, kompyuta ya nini?"

Mjomba wake, mkulima wa kahawa Mbinga, alipouza mavuno alimnunulia mpwa wake kompyuta iliyokwisha kutumika. Ilikuwa na Windows 7. Walipojaribu kuweka NVDA mpya ikakataa, kwa kuwa matoleo yake kuanzia mwaka 2024 hayafanyi kazi tena kwenye Windows ya zamani kiasi hicho. Fundi mmoja akaiondoa Windows 7 na kuweka Windows 10. NVDA ikaingia bila shida. Ila tangu siku hiyo kompyuta ikawa bubu.

Ndiyo safari ile ya basi. Fundi aliitazama dakika chache, akasema spika zimekufa. Mama akalipa spika zikabadilishwa. Kimya kikabaki vilevile. Aliporudi mara ya pili fundi alichoka, akauliza mbele ya wateja, "Mama, si umesema mtoto haoni? Sasa kompyuta ya nini?"

Mama hakujibu. Aliifunga kanga zake akaenda stendi. Nyumbani hakumwambia binti maneno yale. Alisema tu kwamba fundi hakuwepo.

Binti alikuwa na likizo ya wiki nne na madaftari ya masomo mawili ya kuandika upya. Kila asubuhi alifungua kompyuta, akabonyeza, akasikiliza, akafunga. Hapo ndipo ulipo ugumu wa tatizo hili kwa mtu asiyeona. Kifaa kingine kikiharibika, kompyuta yenyewe humwambia kuna nini. Sauti ikikatika, aliyekuwa akimsomea ujumbe wa kosa ndiye aliyenyamaza.

Nani ana macho hapo?

Siku ya tano binti alimpigia mwalimu wake wa kompyuta. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mwalimu alisikiliza kisa chote, halafu akauliza, "Nani ana macho hapo?"

"Mimi, mwalimu," mama akajibu. "Lakini Kiingereza sina. Mimi niliishia darasa la saba."

"Kiingereza anacho mtoto. Na vitufe vya kubonyeza anavijua. Wewe lete macho tu, mama. Mtagawana."

Simu ikawekwa sauti ya juu, juu ya mkeka. Mwalimu akamwambia mama atazame chini kulia, karibu na saa, kama kuna picha ndogo ya spika.

"Ipo. Ina alama nyekundu ya kosa, kama mwalimu aliyesahihisha daftari."

"Basi spika hazikuwa na ubaya wowote," mwalimu akasema. "Spika zikifa, kompyuta bado inajiona ina sauti. Alama hiyo maana yake ni kwamba kompyuta haijui kama ina kifaa cha sauti."

Mama alinyamaza kidogo. Alikuwa anazihesabu fedha za zile spika.

Kisha mwalimu akamwelekeza binti abonyeze kitufe cha Windows pamoja na X, halafu M. Orodha ndefu ikafunguka. Mama akaambiwa atafute alama ya njano. Alishusha kidole pole pole kwenye kioo, mstari kwa mstari, mpaka akakuta pembetatu ndogo yenye alama ya mshangao.

"Soma herufi zilizo mbele yake."

"M. U. L. T. I..." Alisoma moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, na binti akizikusanya kichwani. Alipofika kwenye A, U, D, I, O, binti akaruka. "Odio! Ni kadi ya sauti, mwalimu. Ina alama ya njano."

Mwalimu aliwaeleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya sauti, ambayo mara nyingi ni kidude kidogo kilichobanwa kwenye ubao mkuu. Kadi haielewani na Windows moja kwa moja. Katikati kunatakiwa mkalimani, programu ndogo inayoitwa draiva. Fundi alipoondoa Windows 7 alimwondoa na mkalimani wake. Kadi ipo, Windows ipo, ila hakuna anayemwelewa mwenzake.

Walijaribu kumtafuta mkalimani mpya kwa bando la simu. Bando likaisha mikono mitupu. Mama akaigeuza kompyuta, akasoma namba ya toleo iliyobandikwa chini, mwalimu akaitafuta kwa kompyuta yake huko aliko. Kesho yake akapiga simu. Watengenezaji wa kompyuta ile walitoa draiva ya Windows 7 peke yake. Kwa Windows 10 hawakuwahi kuitoa.

"Kwa hiyo ndiyo imekufa?" mama akauliza.

"Haijafa. Kununua kadi nyingine ni rahisi kuliko kuihangaikia hiyo."

Alimaanisha kadi ya sauti ya nje, ile ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Ni ndogo kama kidole gumba, ina tundu la visikizio na la maiki. Nyingi ya kadi hizo hutumia draiva ambayo tayari imo ndani ya Windows, kwa hiyo hazihitaji kutafutiwa mkalimani wala intaneti. Mwalimu akasisitiza jambo moja, asilipe kabla ya kujaribu.

Wiki iliyofuata mama alipanda tena Mbinga, safari hii na usipa na kompyuta pia. Kwenye duka la vifaa vya simu walimtolea kadi mbili. Alichomeka ya kwanza, akatazama chini kulia. Alama nyekundu ilikuwepo. Akasubiri, haikutoka. Akachomeka ya pili. Baada ya muda mfupi alama ile ikaondoka, ikabaki spika peke yake.

"Hii," akasema. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko alizolipa spika ambazo hazikuhitajika.

Jioni ile binti alivaa visikizio, akabonyeza Ctrl, Alt na N, akasubiri. Mama alimtazama usoni, maana ndipo pekee angeweza kujua. Binti akacheka. Akatoa kisikizio kimoja akampa mama asikie mashine ikisoma Kiswahili.

"Mbona anaongea kama ana mafua?" mama akauliza.

"Ndivyo alivyo. Ukimzoea unamwelewa." Binti akaiongeza mwendo, mama asiambulie hata neno moja, yeye akiandika.

Kwa wazazi wenye mtoto kama huyu

Kabla ya kumlipa fundi wa spika, tazameni ile picha ya spika chini kulia. Ikiwa na alama nyekundu, mara nyingi tatizo liko kwenye kadi au draiva. Ikiwa haina, hakikisheni sauti haijazimwa, kisha chomekeni visikizio. Vikitoa sauti, hapo ndipo spika zinaweza kuwa mbovu.

Kabla ya kuruhusu Windows ibadilishwe, mwulizeni fundi kama draiva ya sauti ya kompyuta hiyo inapatikana kwa Windows mpya, na kama NVDA inaikubali. Mwambieni mapema kwamba mtumiaji haoni, na kwamba kazi haijaisha mpaka mashine izungumze mbele yenu.

Masikio ya mtoto huyu nayo yatunzwe, maana ndiyo anayosomea. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa watu wazima sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kwa watoto kiwango kiwe 75. Kama simu au kompyuta haioneshi desibeli, isizidi asilimia 60 ya sauti yake ya juu, na mtoto apumzike katikati.

Na mtoto anayejikwaa ovyo, anayesogelea sana daftari au anayelalamikia mwanga, apelekwe kupimwa macho kabla ya kugombezwa. Mama huyu husema hilo kwa kila mzazi anayekuja kununua usipa kwake.

Likizo ilipokwisha, binti alirudi shule na madaftari yote mawili yakiwa ndani ya kompyuta. Siku ya kuondoka mama alimkabidhi kadi ile mkononi, akamfunga vidole juu yake. Halafu akafungua pindo la kanga yake akamwonesha kwa kumgusisha kidole. Ndani ya fundo, pamoja na noti za usipa, kulikuwa na kadi nyingine kama ile ile.

"Hiyo ikipotea," akamwambia, "nitumie ujumbe tu. Hii nimeshaijaribu."