Mlimani, Mwaka wa Kwanza: Kwa Wazazi wa Kijana Mwenye Haya

Kila mwaka ifikapo Oktoba au Novemba, vijana wetu waliofaulu Kidato cha Sita hufunga masanduku yao kwenda vyuoni. Baadhi yao ni wenye haya. Nyumbani hunena kidogo, mbele ya wazee huinamisha macho, nasi twawasifu kwa adabu yao. Leo tufuatane hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuone pakoje, na kijana wa namna hiyo hupitia nini mpaka azoee.

Basi la mikoani latushusha Mbezi Luis, katika stendi kubwa ya Magufuli iliyofunguliwa mwaka 2021. Kutoka hapo twafuata Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, twashika Barabara ya Sam Nujoma, na baada ya mwendo mfupi twapinda kushoto kupanda mlima. Tupo kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya mji. Watu hupaita Mlimani, basi.

Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 kule mjini, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU. Wanafunzi hawakufika 20, na wote walisoma sheria. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kinachojitegemea. Wale wa kwanza waliweza kujuana wote kwa siku moja. Siku hizi wanafunzi ni maelfu kwa maelfu, na mabweni ya Magufuli peke yake, yaliyofunguliwa mwaka 2017, yalijengwa kuwalaza 3,840. Huenda hesabu hiyo ikapita idadi ya watu wote wa kijiji chako.

Kwa kijana mwenye haya, wiki ya kwanza ni ngumu. Kuna foleni ya kuhakikiwa vyeti, foleni ya chumba, na shughuli za mkopo kwa aliyepewa. Kisha yampasa kusajili kozi zake kwa kompyuta au simu. Akikosea, hapana mwalimu wa darasa atakayemwita. Kule sekondari alijulikana kwa jina. Huku hata kwenye karatasi ya mtihani huandika namba. Asiyeuliza aweza kusoma kozi muhula mzima, kumbe jina lake halimo.

Tuingie sasa katika ukumbi wa mihadhara. Wamejaa mamia, na mwalimu anasema Kiingereza kwa kipaza sauti. Kijana wetu huketi nyuma, huandika, hutoka. Hapo haya yake haimdhuru sana. Shida ipo kwenye semina, katika chumba kidogo, ambapo kila mmoja hutakiwa kusimama na kueleza jambo kwa Kiingereza mbele ya wenzake. Katika kozi nyingi, alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za wakati wa masomo, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Anayenyamaza mwaka mzima hujipunguzia alama alizostahili. Akishindwa, hurudia mtihani, ambao wanafunzi huuita “sapu”. Akishindwa mno, huondolewa chuoni, nako wao hukuita “kudisko”. Wengine hurudi nyumbani hivyo, si kwa kukosa akili, bali kwa kutothubutu kuuliza.

Tazameni tabu yake, wazazi. Sisi tulimfundisha kwamba mtoto mwema hasemi mpaka asemeshwe. Huko, anayenyamaza hudhaniwa hakusoma. Kijana hana kosa. Amebeba adabu ya nyumbani mahali ambapo watu wanangoja asikike.

Lakini mlimani pana dawa yake, nayo haipo katika majumba makubwa. Mgeni huonyeshwa Ukumbi wa Nkrumah, ambao picha yake ilichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Huonyeshwa pia maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya kuketi watu 2,100 kwa mara moja. Ni vizuri kuviona. Ila mimi nakuomba, msomaji, utazame chini ya miti. Utaona meza na viti vya saruji, navyo huitwa vimbweta. Hapo wanafunzi watano au sita huketi na daftari zao, wakijadiliana somo la asubuhi, tena kwa Kiswahili. Mmoja hueleza, mwingine hupinga, wa tatu hucheka. Mwenye haya asiyeweza kusema mbele ya mamia huweza kusema mbele ya wanne. Akisha kulieleza jambo kimbwetani kwa lugha yake, huwa amelielewa, na siku ya semina Kiingereza chake hupata la kushika. Wengi huanzia hapo kuzoea. Wengine huanzia katika kwaya, au kwa kucheza mpira jioni.

Kuzoea huku hakuji kwa wiki moja. Mwingine huchukua muhula mzima, na mwingine hata mwaka. Haimpasi kuwa msemaji wa watu. Yatosha awe na wenzake wawili au watatu, na ajue mlango wa mwalimu wake na wa mshauri wa wanafunzi.

Nasi wa nyumbani tuna kazi. Kabla hajaondoka, mwambieni wazi, baba na mama: “Mwanangu, huko kumwuliza mkubwa si utovu wa adabu.” Neno hilo likitoka kwenu lina nguvu kuliko likitoka kwa mgeni. Akipiga simu, msimwulize alama na fedha tu, mwulizeni, “Leo umezungumza na nani?” Akijibu, “Na hakuna,” msimkaripie. Mwulizeni tena juma lijalo. Na akipungukiwa nauli au chakula, ajue aweza kuwaambia bila kuona aibu, hata kama hamna cha kumpa siku hiyo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Haya ni pambo, wala hatutaki ayaache mlimani. Twataka arudi nayo, pamoja na ulimi uliokwisha jifunza kuuliza.