Juu ya Paa la Nyumba ya Magurudumu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, nyufa walizozikusudia wahenga zilikuwa za ukutani, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba hupita kila asubuhi. Je, ufa ulio juu ya paa huonwa na nani?

Swali hili liliulizwa kwa dhati huko Matinyani, katika eneo la Kitui Magharibi, mchana mmoja wa mwezi wa Oktoba. Aliyeliuliza alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, mguu wake wa kushoto ameunyosha mbele. Mzee huyo aliendesha magari ya watalii kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipostaafu, badala ya kununua ng'ombe kama walivyotarajia jamaa zake, alinunua mnadani gari kuukuu lenye vitanda viwili, jiko dogo, sinki na, juu ya paa, kiyoyozi. Watu wa sokoni waliliita nyumba ya magurudumu, wakacheka. Kicheko kilikoma gari lilipoanza kukodishwa: leo na wahudumu wa kambi za macho, kesho na watafiti waliokuja kuyachunguza mashamba ya ndengu, kesho kutwa na bwana harusi aliyetaka bibi yake afike kanisani bila jasho. Karo ya mwanawe wa kwanza chuo kikuu ilitoka humo.

Kisha mzee aliteleza ngazini akavunjika mguu. Mfupa uliunga, lakini mkewe aliapa kuwa mumewe hatapanda tena paa lolote, liwe la gari au la kuku. Tangu siku ile ulipita mwaka na ushei, na hakuna aliyepanda.

Sasa watu wa kambi ya macho walikuwa wamelikodi gari kwa Alhamisi. Wazee wangepimwa ndani yake, mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima, na bati la gari lililoachwa juani Kitui mwezi wa Oktoba si mahali pa kumketisha ajuza. Nacho kiyoyozi kilikuwa kimeanza kuvuma bila kupoza, tena kikidondosha maji juu ya kitanda. Mwana akaitwa kutoka Nairobi.

Yafaa ielezwe kwamba baba na mwana hawa huitana kwa jina moja. Kwa desturi ya Wakamba, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba; kwa hiyo mzee, akimwona mwanawe, humwona pia aliyemzaa yeye, na humwita "baba". Mwana naye humwita mzee "baba". Mgeni akiwasikia hudhani wanafanyiana mzaha.

"Kabla hujapanda, baba," mzee alisema, "niambie. Kinalia kikifanya kazi, au kinalia kikiwa kimelala?"

Kijana hakujua. Aliyejibu ni mama, kwa maana ndiye aliyekuwa akimwaga beseni. "Siku ya harusi kililia kikifanya kazi. Usiku wa mvua kililia kimelala."

"Basi ni maradhi mawili," mzee akasema.

Utambuzi huo ni nusu ya ufundi wote. Kiyoyozi cha paani hukaa juu ya tundu la mraba lenye takriban sentimita 36 kila upande. Baina ya mashine na bati huwekwa gasketi ya sponji, nayo hubanwa na boliti nne ndefu zinazokazwa kutoka ndani. Maji yakiingia wakati wa mvua ilhali mashine imezimwa, ashtakiwe gasketi. Yakidondoka wakati mashine inafanya kazi, hayo si ya mawingu: ni unyevu wa hewa uliogandamana kwenye koili baridi ukakosa njia ya kutokea. Mnamo Septemba, Matinyani ikiwa kavu kama gome, maji hayo hayafiki hata kikombe. Mvua za vuli zikianza, mashine hulia kama aliyefiwa.

Mzee aliamuru jenereta izimwe na plagi ichomolewe. Kijana akaushika ngazi mguu. "Ngoja," mzee akasema. "Mle ndani mna kapasita. Umeme wake haufi upesi. Hata ukingoja, usiiguse."

Huko juu, kifuniko cha plastiki kilikuwa kimepauka kwa jua na kupasuka pembeni. Kijana alipokiinua, nyuki wawili watatu walitoka, naye nusura aanguke mahali palepale alipoangukia baba yake. Chini ya kifuniko palikuwa na majani ya mwembe, vumbi jekundu lililoshikana kama ugoro, na viota vya matope vilivyojengwa na nyigu mahali pa kupitishia hewa. Matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa kabisa.

"Unaona nini?" mzee aliuliza kutoka chini.

"Kiyoyozi kimejaa taka, baba. Na mapezi yake yamelala."

"Mapezi gani? Kuna samaki?"

Alikusudia vile vibati vyembamba vya alumini vinavyoizunguka koili, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Vikilala, hewa haipiti, na joto lililotolewa ndani ya gari hukosa mahali pa kwenda. Mzee alimwelekeza apige brashi laini kufuata mistari yake, kamwe asiikate, na amwagie maji kwa mkono akiwa ameifunika motaa. Wapo vijana wa kuosha magari wanaotumia mpira wa maji ya kasi. Hao huvilaza vibati vyote kwa dakika moja, kisha hulipwa.

Kijana aliuliza kama gasi haikuhitaji kuongezwa, maana alikuwa amesikia hivyo mjini. Mzee alikasirika kidogo. Gasi haiishi kama petroli. Imefungiwa ndani ya mabomba yake. Ikipungua, limetoboka bomba, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye vyombo vyake. Wala si suala la mfuko peke yake. Mnamo Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, yakakubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za jamii ya HFC, zitumikazo katika mashine nyingi za kupoza, kwa sababu zikivuja huongeza joto la dunia. Ni kinaya cha kutosha: kinachoupoza mwili wa mmoja huwasha moto wa wengi. Mama, aliyeyasikia hayo, alikwenda zake kulimwagia maji gunia alilolizungushia mtungi wake wa kunywea. Maji yakikauka katika gunia huondoka na joto. Giligili ikigeuka gesi katika mabomba ya kiyoyozi hufanya vivyo hivyo.

Kazi ya ndani ilikuwa fupi zaidi, na ndiyo iliyouma. Boliti moja ilikuwa imelegea kwa mitikisiko ya barabara. Mzee, ambaye sasa aliingia garini akichechemea, alisimamia ukazaji: kidogo hapa, kidogo pembe ya pili kwa mkabala, mpaka sponji ibaki na unene wa kama sentimita moja na robo kote. Ukizidisha, bati hupinda na maji hupata dimbwi. Baada ya boliti ndipo kijana alipofungua kidirisha cha dari akatoa kichujio. Kilikuwa kimevaa vumbi kama blanketi.

Mzee alikitazama kwa muda asiseme neno. Kichujio hicho hufikiwa kwa mkono, mtu amesimama sakafuni. Hakihitaji ngazi. Kinapaswa kuoshwa kwa sabuni kila baada ya wiki mbili za matumizi, tena mara nyingi zaidi penye vumbi. Lakini kwa mwaka mzima nyumba nzima iliamini kwamba mashine inaishi paani, na kwamba aliyezuiwa kupanda amezuiwa kuitunza.

"Hiki ningekitoa mimi," alisema hatimaye.

Mwana hakujibu.

Kilipokauka kivulini kilirudishwa, na jenereta ikawashwa. Mzee hakuamini kiganja chake. Alitumia kipimajoto cha zamani: hewa iliyoingia ilikuwa nyuzi 33 za Selsiasi, iliyotoka 23. Mashine ya aina hii iliyo na afya huonyesha tofauti ya nyuzi 8 hadi 11, kwa hiyo alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuomba daftari lake.

Haidhuru kudokeza hapa, maadamu wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa karatasi, kwamba Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, hakuwa akiwahurumia wanadamu. Kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn kilikuwa kikitaabishwa na unyevu uliozitanua karatasi na kuzipotosha rangi. Daftari la mzee halikupata hifadhi kama hiyo. Lilikuwa na madoa ya grisi na mate ya mende. Humo aliandika tarehe ya kila usafi. Ya mwisho ilikuwa ya wiki ile aliyovunjika mguu.

Kijana aliandika tarehe mpya, na mbele yake: kichujio kimeoshwa. Mzee alilisogeza daftari mbali na macho.

"Hiki kichujio ndicho nini?"

"Ndiyo filta, baba."

"Andika vyote viwili."

Akaandika vyote viwili. Jioni mawingu yalijikusanya upande wa Mutonguni. Kijana alimwambia mama yake kwamba sasa anaweza kuliondoa beseni kitandani. Mama alisema ataliondoa mvua ikishapita.