Faili Lililokwama

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo tumeifundisha miaka mingi, tena tumewatungia wanafunzi mitihani juu yake. Lakini maana yake kamili tuliipata ndani ya ofisi yetu wenyewe hapa Bujumbura, tulipokuwa tukihamisha mafaili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine.

Katika kompyuta yetu kuukuu tulikuwa tumehifadhi saa 40 za sauti za wazee wa mtaa wa Buyenzi: hadithi, vitendawili, na Kiswahili chao cha sokoni na cha msibani. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja aliyekwisha kufariki dunia, na sauti yake haikuwako mahali pengine popote. Diski ya kompyuta hiyo ilipoanza kukwaruza, tuliingiwa na hofu. Ikabidi mzigo wote, gigabaiti 25 hivi, upelekwe kwa waya hadi kompyuta mpya iliyo chumba cha pili.

Tulianza asubuhi. Kufikia adhuhuri hata robo ya mzigo haijavuka. Mara faili lajikokota kama kinyonga, mara lasimama kabisa. Hapo tukafanya lile tunalowakataza wanafunzi: tulihukumu kabla ya kupata ushahidi. Tuliilaumu kwanza kampuni ya intaneti, ingawa mzigo wenyewe haukutoka hata nje ya nyumba. Kisha tukamgeukia mwalimu kijana aliyetuwekea nyaya, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba kazi yake ni ya ovyo. Yeye akajibu kwa adabu: "Wazee wangu, niruhusuni tuipime njia kipande kwa kipande. Tukibadili kitu, tubadili kimoja tu, ndipo tutakapojua kilichotibu."

Alianza na hesabu. Kadi ya mtandao ya kompyuta ile kuukuu ni ya megabiti 100 kwa sekunde, nasi tulidhani kuwa ni megabaiti 100. Kumbe baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo njia ile haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde, na mzigo wetu ulistahili kuchukua muda wa dakika 40 hivi. Basi tukawa na kipimo, maana pasipo kipimo neno "polepole" ni lalamiko tu.

Kisha tukaibeba kompyuta kuukuu hadi chumba cha pili, tukaiunganisha na mwenzake kwa waya mfupi. Faili moja la megabaiti 600 likavuka kwa dakika moja. Kompyuta zote mbili, pamoja na ile diski mgonjwa, zikawa zimeondolewa lawama. Papo hapo tukavusha mzigo wote, tukalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wao pande zote mbili, tukashusha pumzi.

Wengi wetu tulitaka kuishia hapo. Kijana akakataa, kwani jina lake lilikuwa bado limechafuka. Tukairudisha kompyuta mahali pake, tukalituma tena faili lile lile: likakwama. Tukahamisha waya hadi tundu jingine la swichi: likakwama. Tukatandaza sakafuni waya mpya mrefu badala ya ule wa zamani: dakika moja! Tukaufuata waya wa zamani kandokando ya ukuta, hata tukalifikia kabati la kamusi. Mguu wa kabati ulikuwa umeukanyaga waya hadi ukapondeka. Na kabati hilo tulilisogeza sisi wenyewe, wazee, wakati paa lilipovuja.

Tukauliza: mbona kompyuta haikutuambia kwamba waya ni mbovu? Kijana akatueleza kwamba faili husafiri likiwa limegawanywa katika pakiti ndogo ndogo. Pakiti iliyoharibika njiani hutupwa, na mtumaji huituma upya. Tena, akiona pakiti zinapotea, hudhani njia imesongamana, hivyo hupunguza mwendo ili kuwapisha wengine. Adabu hiyo ilizaliwa na msiba. Mnamo Oktoba 1986, kati ya maabara moja ya Berkeley, Marekani, na chuo kikuu jirani, mwendo wa mtandao ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40, kwa kuwa kila kompyuta ilizidi kurudia kutuma katika njia iliyokwisha jaa. Van Jacobson aliuchunguza mkasa huo, na mwaka 1988 akachapisha njia za kuwafundisha watumaji subira. Basi waya wetu uliopondeka ulitafsiriwa kuwa msongamano, na kompyuta ikawa inampisha mtu asiyekuwapo.

Siku iliyofuata tulimwomba radhi mwalimu yule mbele ya wale wale waliosikia tukimshutumu. Haikuwa kazi nyepesi kwa watu wenye mvi. Nasi twawaambia walimu wenzetu: mwanafunzi akikwama katika insha, tusiseme upesi kwamba ni mzembe. Tupime msamiati, tupime upatanisho wa sarufi, tupime swali lenyewe tulilomtungia, kimoja baada ya kingine. Huenda mguu wa kabati letu ndio unaomkanyaga.

Sauti ya bibi yetu wa Buyenzi sasa imo katika kompyuta mbili. Kabati tumelisogeza.