Waliojifunza Kukanyaga Breki Taratibu

Sisi tuliokulia Kaloleni, Maringo na Jericho tulipima gari kwa mngurumo. Lililonguruma zaidi ndilo lililokuwa na nguvu, na moshi wake hatukuujali. Kila matatu iliposimama, kutoka Donholm hadi Muthurwa, mwendo wote uliogharimu petroli uliishia kuwa joto kwenye breki. Hakuna aliyeuliza ulikopotelea.

Vijana wa Umoja na Buruburu wanaoendesha teksi za Toyota Aqua, magari yanayotumia petroli na umeme, wameuliza. Dereva akigusa breki mapema na kwa upole, mota ya umeme hugeuka jenereta: magurudumu huizungusha, nayo hulipunguza gari kasi huku ikirudisha umeme kwenye betri ya volti 144 iliyo chini ya kiti cha nyuma. Gari la tani moja na kidogo likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa hubeba takriban kilojuli 100 za mwendo. Hazirudi zote, lakini foleni ya Barabara ya Jogoo huzileta tena na tena. Ukikanyaga kwa ghafla, breki za kawaida huingilia kati na nyingi hupotea. Kwa hiyo vijana hawa wamejifunza utulivu barabarani ambao sisi hatukuwa nao, nami nawaheshimu kwa hilo. Foleni ikigoma kusonga, injini huzimika yenyewe.

Kuna linaloniuma, hata hivyo. Chini ya magari haya mna kisafisha moshi chenye platini, paladi na rodiamu. Kwenye baadhi ya gereji zetu hukatwa kikauzwa kwa ajili ya madini hayo, na bomba tupu likachomelewa mahali pake. Mafuta bado yanaokolewa, hivyo mwenye gari haoni hasara. Kaboni monoksaidi inatoka bila kuzuiwa, kwenye steji ambapo watoto wanangoja gari la shule.

Kifaa hicho huharibiwa na petroli yenye risasi. Kufikia Januari 2006 Afrika yote kusini mwa Sahara ilikuwa imeiacha petroli hiyo. Katika mambo ya magari, sioni urithi bora kuliko huo tuliowaachia vijana. Basi, kijana wangu, kabla ya kulipia Aqua iliyokwisha tumika, mwambie fundi ainyanyue kwa jeki mtazame pamoja chini. Mkikuta bomba tupu, dai kisafisha moshi kirudishwe kabla hujatoa pesa.